Unyevu wa Namkuyu

Ghala letu la Newala lina mlango mmoja,
na asubuhi ukungu huingia bila kuuliza bei.
Mimi ni karani. Naandika ninachoambiwa:
jina, kijiji, kilo, unyevu, daraja.
Misimu kumi na minne sasa,
na mwandiko wangu husifiwa hadi wilayani.

Mpimaji ni Ausi Nantepe.
Si mwizi. Nalisema mapema
kwa sababu ukitaja korosho, wizi hujileta wenyewe.
Hali rushwa, hanywi hata soda ya mkulima.
Ana jambo moja tu: hukisoma kijiji
kabla ya kuitazama korosho.

"Namkuyu?" husema, mkasi ungali mfukoni.
"Namkuyu hawaaniki. Huokota usiku, huleta alfajiri."
Baba yake alisema hivyo, na babu kabla yake,
tangu mwaka ule lori liliporudishwa kutoka bandarini,
na hakuna aliye hai aliyeliona lori hilo.
Kisha huchomeka kipimo.
Kikisema kumi, hukichomeka tena.
Kikisema tisa, hukigonga gotini, hukipuliza,
hukizamisha kwenye kona ya gunia, chini kabisa,
mpaka kiseme kumi na mbili,
hapo ndipo hupumua: "Umeona?"
Nami huona. Naandika kumi na mbili.
Wino ukishakauka, ndiyo kweli yenyewe.

Watu wa Mtavala hupimwa mara moja. Inatosha.

Usiku wa kuamkia Jumanne mvua ya kwanza ikapiga,
bati likavuja upande wa magunia yasiyopimwa,
vikaratasi vikalowa, majina yakateremka
yakawa michirizi ya buluu kwenye juti.
Magunia sitini na matatu, hayana kwao.

Ausi akasimama mbele yake kama mgeni msibani
asiyejua mfiwa ni nani.
"Ya wapi haya?"
"Ya hapo yalipo," nikamwambia. "Pima."
Akapima. Mara moja kila gunia.
Akakata, akahesabu, akanusa,
na kwa mara ya kwanza nikaiona mikono yake
ikiisikiliza korosho.

Saa nane akaja Bi Somoe Chitanda wa Namkuyu,
akapita katikati ya magunia akiyapapasa midomo.
Wao hushona kwa ukindu, mafundo mawili na mkia.
"Hili langu. Hili la Nambunga. Hili langu.
Hili la mkwe wangu, hajui kukaza."
Kumi na tisa.
Yote daraja la kwanza.

Ausi aliyatazama mpaka nikamwonea huruma.
Kisha akasema, kwa upole, bila hila hata chembe:
"Basi zimekaukia humu ghalani."
Humu. Chini ya bati linalotona,
nasi tope limetufika vifundoni.
Nikajaza safu ya maelezo: zimekaukia ghalani.
Bi Somoe alicheka mpaka akashika ukuta.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa mwenye haki.

Lakini ninalo daftari jingine, chini ya godoro,
ambamo tangu msimu wa tatu naandika
kila siku ambayo Ausi aliwaonea Namkuyu.
Juzi nimelifungua nihesabu.
Siku mia mbili na sita. Ushahidi wa kumbeba mtu mzimamzima.
Nikatafuta siku alizowapima mara moja akawapa chao.
Zilikuwepo. Naikumbuka Ijumaa moja ya ukungu,
nalikumbuka gunia dogo la yule kijana wa kigugumizi,
Ausi akisema "safi," akimpa mkono.
Sikuiandika hata moja.
Siku hizo, nadhani, kalamu yangu ilikuwa inapumzika.

Nje ukungu umepanda kutoka Shimo la Mungu,
umelijaza bonde lote,
na asiyekulia hapa angeapa ni maji.
Daftari liko mapajani, simu inakaribia kuzima.
Kesho foleni inaanza na Namkuyu.
Sijui nitatazama kipimo
au nitamtazama Ausi.